Biashara ya Samaki Isipime Sumu Peke Yake

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu vilivyodaiwa kutumiwa kuvulia, na viwanda vya minofu ya sangara kandokando ya ziwa vikapata hasara. Funzo lililobaki ni kupima minofu kabla ya kuisafirisha. Funzo hilo ni jema, lakini halitoshi, kwa kuwa linayaacha kando maji yenyewe, hasa mboji iliyoyeyuka humo: masalia ya majani, mafunjo na vinamasi yanayoyapa maji rangi ya chai. Mboji hiyo huchangia sana kuamua ni sumu kiasi gani itaingia mwilini mwa samaki, hivyo takwimu ya sumu isiyoambatana nayo humpotosha mwekezaji.

Shaba inalionyesha jambo hili waziwazi. Ikiwa huru majini, hunata kwenye matamvua na kumzuia samaki kufyonza sodiamu anayoihitaji. Ikishikwa na mboji, sehemu kubwa yake haipenyi. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) liliingiza kaboni ya ogania iliyoyeyuka, yaani kipimo cha mboji hiyo, katika hesabu za viwango vya shaba kwenye maji baridi. Kiasi kilekile cha shaba kinaweza kuua samaki katika maji maangavu na kuvumilika katika maji ya kahawia.

Je, basi maji ya kahawia ni salama? Hapana, na zebaki inatuonya. Mboji huibeba kutoka nchi kavu hadi ziwani, na pia huwalisha bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni, ambao huigeuza kuwa methili-zebaki. Hii humfikia samaki hasa kupitia chakula, kwa hiyo mla samaki kama sangara huilimbikiza kadiri anavyokua. Maziwa ya kahawia ya Sweden na Finland yana samaki wenye zebaki nyingi hata mbali na viwanda. Kwetu, ambako wachimbaji wadogo wa Geita hutumia zebaki kukamatia dhahabu, tahadhari hiyo ina uzito zaidi.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi hukagua minofu, si maji. Ulaya, kwa samaki wengi, imeweka kikomo cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo. Ni kweli, lakini minofu hupimwa wakati chakula, mafuta na mishahara vimekwisha kulipiwa. Gharama nayo si kisingizio: wingi wa mboji hukadiriwa kwa kupima jinsi maji yanavyofyonza mwanga wa urujuanimno, kazi nyepesi kwa maabara ya kawaida. Mwenye vizimba vya sato na apime mboji pamoja na sumu kabla ya kuchagua eneo, na benki inayomkopesha idai vipimo vyote viwili.