Mtuhumiwa Akivuka Mpaka

Watu wengi hudhani kwamba mtu anayetafutwa kwa hati ya kukamatwa Uganda au Tanzania, akiisha kuingia Kenya, ameokoka. Sivyo. Wala askari wa huko hawana ruhusa ya kuja kumchukua wenyewe. Kwa Sura ya 76 ya Sheria za Kenya, hati hiyo huletwa kwanza kwa Hakimu wa Kenya. Akiridhika kwamba imetolewa na mwenye mamlaka, huiidhinisha; ndipo mtu hukamatwa na kufikishwa mbele yake. Hakimu hahukumu kosa lenyewe, bali huamua kama mtu huyo arudishwe. Mtuhumiwa aweza kupinga, kwa mfano kwamba kosa ni la siasa. Basi jamaa wa aliyekamatwa na waulize upesi: je, amefikishwa kwa Hakimu?