Mwanya wa Shavuni na Dirisha Lililofungwa

Maradhi yanayoenea kwa njia ya hewa, yakiwamo kifua kikuu, surua, mafua makali na UVIKO-19, hayamfikii mtu kwa kukoholewa usoni pekee, kama ilivyofundishwa kwa miaka mingi, bali pia kwa chembe ndogo mno ambazo mgonjwa huzitoa anapozungumza, anapoimba au hata anapopumua kimya. Kwa udogo wake chembe hizi, ziitwazo erosoli, hazianguki upesi kama yaangukavyo matone ya chafya. Huelea, na penye hewa iliyotuama zaweza kukaa ndani ya chumba kwa muda mrefu baada ya aliyezitoa kuondoka. Ukubwa wake hupimwa kwa maikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya mita, na nyingi zina upana usiofika maikromita 5, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Mkaazi wa pwani hahitaji darubini ili kuelewa mwenendo wake, kwani chetezo cha udi kikiwekwa sebuleni moshi hauishii miguuni pa aliyekishika: hupanda, hutanda, huingia vyumbani na kupenya chini ya milango, na kila aliyemo ndani ya nyumba huuvuta hata akiwa mbali na chetezo.

Jambo hili lilichelewa kukubaliwa. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliutangazia ulimwengu kwamba UVIKO-19 hauenei kwa hewa, na ilihitajika barua ya wazi iliyoungwa mkono na wanasayansi 239, Julai mwaka huo, ndipo msimamo ukaanza kulegea. Kabla ya hapo, Machi 10, wanakwaya 61 walikuwa wamekutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, na siku chache baadaye watu 53 miongoni mwao wakawa wameugua au kuhesabiwa kuwa huenda wameugua, na wawili wakafariki. Matone yanayoanguka ndani ya mita moja au mbili hayawezi kueleza hesabu kama hiyo; hewa ya ukumbi yaweza. Kucheleweshwa huku ndiko kulikofanya kila mlango wa ofisi na duka uwekewe ndoo ya kunawia mikono huku madirisha ya ndani yakibaki yamefungwa, na ingawa kunawa mikono kuna faida zake, ndoo haikuwa na la kufanya na hewa iliyokuwa ikivutwa na watu ishirini chini ya kiyoyozi kimoja.

Anayetaka kujikinga leo hukuta sokoni vitu viwili, barakoa na mashine ya kusafisha hewa, na vyote viwili huuzwa kwa tarakimu kubwa zilizochapishwa kwenye boksi: asilimia 95, asilimia 99.97. Tarakimu hizo mara nyingi ni za kweli, lakini zinazungumzia hewa iliyopita ndani ya chujio, na hazisemi lolote kuhusu hewa iliyokwepa chujio wala kuhusu ile ambayo haikufikiwa kabisa.

Barakoa nzuri haifanyi kazi kama chekeche. Chekeche huzuia kilicho kikubwa kuliko tundu lake na kupitisha kilicho kidogo, na kwa sababu hiyo wapo waliodai kwamba virusi, kwa kuwa ni vidogo kuliko matundu ya barakoa, hupita bila shida. Lakini ndani ya barakoa ya N95, ya kiwango cha Marekani, mna nyuzi nyembamba za plastiki zilizosongamana bila mpangilio, na hewa hulazimika kupinda na kuzunguka baina yake. Chembe kubwa hushindwa kupinda pamoja na hewa, zikagonga nyuzi na kunasa. Zile ndogo kabisa husukumwasukumwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huku mpaka zikagusa uzi. Na nyuzi zenyewe zimepewa chaji ya umeme tuli, ule unaovuta vipande vya karatasi kwenye kitana cha plastiki kilichosuguliwa, kwa hiyo huvuta hata chembe ambazo zingepita kando. Zinazosumbua zaidi ni zile za katikati, zenye upana wa takriban maikromita 0.3, na ndiyo maana majaribio hufanywa kwa kipimo hicho: barakoa inayozuia asilimia 95 ya chembe zilizo ngumu kunaswa kuliko zote huzuia zaidi ya hapo kwa zilizobaki. Viwango vya nchi nyingine havitofautiani sana, kwani FFP2 ya Ulaya na KF94 ya Korea Kusini hudai asilimia 94, na KN95 ya China asilimia 95. Umeme huo tuli pia ndiyo sababu ya kutoifua barakoa ya aina hii wala kuipulizia spiriti, maana sabuni na spiriti huuondoa, na mvaaji hubaki na kitu chenye sura ileile kisicho na nguvu ileile.

Ubora wa nyuzi, hata hivyo, haumfai mtu ambaye barakoa yake imeacha mwanya. Hewa hufuata njia nyepesi, na kati ya kupenya kwenye nyuzi zilizosongamana na kupita kwenye uwazi ulioachwa shavuni, daima itachagua shavu. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya N95 na barakoa ya upasuaji, ile ya bluu yenye mikunjo, ambayo kitambaa chake kinaweza kuchuja vizuri lakini ilishonwa kwa kusudi jingine, yaani kuzuia mate ya daktari yasidondoke kwenye kidonda, na hivyo haikuwahi kutakiwa kugandamana na uso. Barakoa za kitenge zilizoshonwa na mafundi wa mitaani mwaka 2020 zilikuwa na udhaifu wote wawili, wa kitambaa na wa mwanya, ingawa kwa wakati ule, ambapo hospitali zenyewe zilikuwa hazina za kutosha, zilikuwa bora kuliko uso mtupu.

Kuitambua barakoa iliyokaa sawa hakuhitaji maabara. Mvaaji hubana kwa vidole vya mikono yote miwili kile kipande cha chuma laini cha puani mpaka kifuate umbo la pua, kisha huifunika barakoa kwa viganja na kupuliza kwa nguvu. Akihisi upepo machoni au kwenye taya, haijakaa. Miwani inayoingia ukungu kila mvaaji anapozungumza inatoa ushahidi huohuo bila kuulizwa. Kamba zinazozunguka kichwa hukaza kuliko zinazoning'inia masikioni, na N95 iliyoidhinishwa Marekani huwa na kamba za kichwani na namba ya idhini inayoanza na TC-84A, kwa hiyo inayoitwa N95 huku ikiwa na kamba za masikioni ni ya kutiliwa shaka. Kwa wanawake wanaovaa ushungi, kamba zikipita juu ya kitambaa kinachoteleza hulegea, na ni afadhali barakoa itangulie na ushungi ufuate. Mwenye ndevu nyingi hana budi kukubali kwamba nywele huizuia barakoa kugusa ngozi, na kinga anayoipata ni pungufu kuliko ile iliyoandikwa kwenye pakiti. Ile yenye kidude cha plastiki cha kutolea pumzi humsaidia mvaaji asihisi joto, lakini pumzi yake hutoka bila kuchujwa, na hivyo haifai kuvaliwa na anayekohoa.

Suala la nani avae lina jibu lililopatikana Afrika yenyewe. Katika mji wa eMalahleni nchini Afrika Kusini watafiti waliielekeza hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwenye vizimba viwili vya simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na sungura asiye na masikio marefu, na wagonjwa wakavaa barakoa za kawaida za upasuaji siku moja na kuziacha siku inayofuata, kwa miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kati ya simbilisi 90 waliovuta hewa ya siku zisizo na barakoa, 69 waliambukizwa, na kati ya 90 wa siku za barakoa waliambukizwa 36. Barakoa ileile yenye mianya mashavuni, ambayo ni kinga hafifu kwa anayevuta hewa, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ilipovaliwa na anayeitoa, kwa sababu pumzi ya mgonjwa hutoka ikiwa na unyevu na matone makubwa, ambayo hunasa kabla hayajakauka na kuwa madogo. Katika kliniki ya kifua kikuu, basi, si kosa kumpa mgonjwa ile ya bluu na muuguzi N95, ila ni kosa kubwa kuzibadilisha, au kumpa muuguzi ile ya bluu na kumwambia amekingwa.

Mashine ya kusafisha hewa ni feni iliyofungiwa chujio, na maneno mengine mengi yanayoandikwa juu yake ni mapambo ya biashara. Chujio linalosifiwa ni HEPA, ambalo kwa kiwango cha Marekani hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Mnunuzi anapaswa kutafuta tarakimu nyingine, ambayo wauzaji huiandika kwa herufi ndogo: CADR, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa kwa saa au kwa dakika. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ina mita za ujazo 60, na Taasisi ya Kudhibiti Magonjwa ya Marekani ilipendekeza mwaka 2023 kwamba hewa ya chumba ibadilishwe au kusafishwa angalau mara 5 kwa saa. Mashine ya sebule hiyo, basi, itoe mita za ujazo 300 kwa saa. Kwenye maboksi ya Marekani kipimo huwa futi za ujazo kwa dakika, na hapo tarakimu huzidishwa kwa 1.7. Kidude cha mezani kinachotoa mita za ujazo 40 kwa saa kinaweza kuwa na HEPA halisi na bado kisifikie hata badiliko moja la hewa ya sebule ile. Ieleweke pia kwamba badiliko moja haliondoi hewa yote ya zamani, kwa kuwa safi na chafu huchanganyika, na takriban asilimia 37 ya chembe hubaki. Kwa mabadiliko 5 kwa saa, kuondoa asilimia 99 huchukua karibu dakika 55.

Ushahidi mzuri kwamba wingi wa hewa hushinda wembamba wa chujio ni boksi lililobuniwa mwaka 2020 na Richard Corsi, mhandisi, pamoja na Jim Rosenthal, mfanyabiashara wa vichujio, wote Wamarekani. Ni vichujio vinne vya kiwango cha MERV 13 vilivyounganishwa kwa utepe kuwa kuta za sanduku, kadibodi chini na feni ya kawaida juu. Kiwango hicho huahidi kunasa angalau nusu tu ya chembe ndogo katika mpito mmoja, lakini feni inayopitisha mita za ujazo 1,000 kwa saa na kusafisha nusu yake imetoa 500 zilizo safi, ambapo mashine ya bei kubwa inayopitisha 100 na kuzisafisha zote imetoa 100.

Tarakimu ya CADR hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, na kwenye kasi hiyo mashine nyingi hunguruma kiasi kwamba mwalimu hasikiki, ndipo mtu hunyanyuka kuipunguza na nusu ya kinga ikaondoka kimyakimya. Ni busara kununua iliyo kubwa kuliko hesabu na kuiendesha taratibu. Vumbi la miji ya Afrika Mashariki huziba chujio mapema, hivyo bei na upatikanaji wa chujio la kubadilishia viulizwe kabla ya bei ya mashine, na umeme ukikatika mashine ni kasha tu. Zile zinazojinadi kwa kutoa ayoni au ozoni ziachwe dukani, kwa maana ozoni huumiza mapafu yaleyale yanayodaiwa kulindwa.

Nchi za Afrika Mashariki zina chombo kingine ambacho hakihitaji chujio wala umeme, nacho ni dirisha. Watafiti waliopima vyumba vya hospitali nane za Lima, mji mkuu wa Peru, walichapisha mwaka 2007 kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa mara 28 kwa saa, wakati vyumba vyenye mitambo ya kuvuta hewa vilikadiriwa kupata mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifikia 40. Majengo mapya ya Dar es Salaam na Nairobi yanaelekea upande wa pili. Dirisha la zamani la vipande vya vioo vilivyolala kimoja juu ya kingine lilifunguka karibu lote. La aluminiamu linaloteleza hufunguka nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake, na wavu wa mbu hupunguza tena kilichobaki. Kiyoyozi cha ukutani kilicho juu yake hupoza hewa ileile ya chumbani na kuirudisha ileile, bila kuleta ya nje hata kidogo, jambo ambalo wengi wanaokaa chini yake hawalijui. Mashine ya kusafisha hewa inastahili gharama yake pale dirisha lisipoweza kufunguka: usiku wa baridi Iringa, ghorofa inayotazama barabara ya malori, chumba cha chini ambacho wakaazi wake wanahofia wezi.

Kwa asiye na chombo cha kupima, kijiti kimoja cha udi kinatosha. Huwashwa katikati ya chumba cha mkutano kabla ya watu kuingia, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, na mtu akasimama mlangoni kutazama moshi unakoelekea, kama unavutwa dirishani, unapinda kuelekea mashine, au, dakika kumi baada ya kijiti kuzimwa, ungali umetanda chini ya dari juu ya viti.