Masanga: gitaa ya mwaka 1952 iliporudi

Jina la Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, hapa Lubumbashi linajulikana. Lakini ile gitaa yake ya ujana, wangapi wameisikia?

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana wa miaka 22 hivi, gitaa moja kavu, bila ngoma, bila umeme. Anapiga kwa vidole viwili tu: gumba linashika besi, kile cha pili kinaimba juu yake. Ukisikia bila kuambiwa, utaapa ni watu wawili. Wimbo "Masanga" ukatoka kwenye sahani ya Gallotone, ukafika mpaka Nairobi, na wapiga gitaa wa kule wakaanza kuitafuta ile mikono.

Shida ni sahani yenyewe. Zile za zamani zilibeba wimbo mmoja kila upande, na zikianguka zinavunjika sawa vile sahani ya chakula. Kiisha Tracey alitoa sahani kubwa zaidi ya 200, lakini nyingi zilienda kwenye maktaba na vyuo vikuu. Nani wa Kamalondo angezifuata huko?

Kanda zilibakia Afrika Kusini, kwenye ILAM, nyumba ya kuhifadhi muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Ni kutoka huko Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia, alizisafisha na kuzitoa kwenye CD mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kampuni yake SWP ya Uholanzi. Mwenda hakuiona siku hiyo. Alikufa kwa ajali ya gari kule Zambia mwaka 1990.

Ni kweli, ukubwani alirekodi tena, tena kwa studio nzuri. Kwa masikio yangu, ile ya Jadotville inazishinda. Tena inasaidia kuelewa: Mwenda alikuwa anaibadilisha "Masanga" kila mara anapoipiga, na bila ile ya kwanza hauwezi kujua aliongeza nini na aliacha nini.

Kenya, ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walianza mwaka 2014 kurudisha nakala za kanda za Tracey mpaka vijijini, mikononi mwa familia za waimbaji. Ya Jadotville nayo, Likasi ingeipokea vizuri.