Mtoto Asinziaye Chuoni

Usingizi ni neema, na neema haijulikani thamani yake ila inapoondoka. Sisi tusomeshao chuoni twawaona kila siku watoto wasinziao juu ya juzuu zao, na wazee wengi husema, "Mvivu huyu, apigwe." Twasema: ngojeni kwanza, mpate kujua sababu.

Mtoto wa miaka 6 hata 12 yampasa kulala muda wa saa 9 hata 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hata 18, saa 8 hata 10. Mtu mzima, saa 7 au zaidi. Aliyeshika simu mpaka usiku wa manane, kisha akaamshwa Alfajiri, huyo hana maradhi. Ana deni la usingizi, na deni hulipwa kwa kulala mapema.

Lakini yuko mtoto alalaye mapema na bado akasinzia. Huyo msikilizeni usiku. Akiwa hukoroma kwa nguvu, na pumzi zake hukatika kisha akashtuka, huenda mafindofindo yamekuwa makubwa yakaziba njia ya pumzi. Mpelekeni kwa daktari. Fimbo haifungui koo. Mtu mzima naye, khasa aliyenenepa, asipuuze jambo hili, kwani hufuatana na shinikizo la damu, na dereva asinziaye huua. Dawa ipo: tangu mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alionyesha kuwa hewa ikisukumwa puani kwa mashine huzuia njia isizibe.

Ama akosaye usingizi, asikimbilie vidonge. Vingi katika hivyo mwili huvizoea, na mzee aliyevimeza akiamka kwenda msalani huweza kuanguka akavunjika nyonga. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliagiza kuanza na kubadili mazoea na fikira. Na aamke wakati ule ule kila siku, hata akiwa hakulala vyema. Mwenye kuishika sala ya Alfajiri amekwisha pata msingi wake. Kahawa aiache baada ya adhuhuri, na kailula iwe fupi. Akikaa kitandani kiasi cha dakika 20 macho makavu, aondoke, afanye jambo la utulivu, arudi usingizi ujapo. Ikiwa hali hii yamjia usiku 3 kwa juma na miezi 3 imepita, amwone tabibu, kwani huenda chini yake pana huzuni au maumivu.

Basi enyi wazazi, kabla ya kumhukumu mtoto mchana, simameni mlangoni usiku, mmsikilize avutavyo pumzi.