Kukandwa si Jambo la Aibu

Mtu apitaye katikati ya jiji la Nakuru hakosi kuona bango lenye neno “masaji”. Nilitajapo neno hilo darasani, wanafunzi wangu huangua kicheko, na wengine huinamisha macho. Kicheko hicho chanikera, kwani neno moja la kukopa limeifunika tiba ambayo Kiswahili kina msamiati wake tangu jadi.

Tunacho kitenzi kukanda, kitumikacho kwa unga na kwa mwili vilevile. Kukanda pia ni kumwekea mgonjwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kama afanyiwavyo mzazi huko pwani katika siku zake arobaini. Kuchua ni kusugua misuli kwa nguvu zaidi, aghalabu kwa mafuta. Kusinga nako ni kuusugua mwili kwa manukato, na biarusi wa Lamu hahitaji kuelezwa maana yake.

Wapo wasomi watakaosema kwamba haya ni mambo ya vikongwe. Hebu na waitazame sayansi. Watafiti wa Sweden walichunguza nyuzi za neva zilizomo katika ngozi yenye vinyweleo, wakabaini kwamba baadhi yake huamka hasa zipapaswapo polepole, kiasi cha sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kitu chenye joto la ngozi. Mkono wa haraka hauziamshi ipasavyo. Nyuzi hizo hupeleka ubongoni hisia ya kutulizwa, na mama ampapasaye mwanawe huufuata mwendo huo bila kufundishwa na mtu.

Sidai kwamba mikono huponya kila kitu. Nafuu ya maumivu ya mgongo ipatikanayo kwa kukandwa mara nyingi ni ya muda mfupi. Mfupa uliovunjika ni kazi ya hospitali, na mguu mmoja uliovimba ghafla usiguswe kabisa, maana huenda umeganda damu, na kuuchua kwaweza kumuua mgonjwa.

Lakini mwalimu aliyesimama ubaoni kutwa, kisha akayainamia madaftari hadi usiku, haombi muujiza. Ahitaji mtu amwaminiye, mafuta kidogo na nusu saa. Kwa kuwa aona haya kuyataja hayo, hupitia duka la dawa, akameza vidonge vya maumivu wiki baada ya wiki, tumbo na figo zikalipa gharama, na kesho yake akarudi ubaoni na shingo ile ile.