Simu Moja, Wanafunzi Watano: Kujifunza Kiingereza kwa Video

Hapa Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza wanakuta Baiolojia na Jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, na mitihani ni hivyo hivyo. Wengi hunyamaza darasani. Si kwamba hawana akili. Lugha ndiyo iliyowafungia mlango.

Video za masomo zilizoko kwenye intaneti zinaweza kusaidia, kwa sababu kitabu hakitoi sauti. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi. Mwanafunzi anayetegemea kitabu hutamka sawasawa "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo. Katika video anasikia tofauti na kuuona mdomo wa msemaji. BBC, iliyoanza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, inatoa masomo mafupi ya namna hiyo bila malipo.

Hata hivyo, kutazama tu hakutoshi. Kikundi cha wanafunzi watano kinaweza kufuata utaratibu huu:

1. Chagueni video isiyozidi dakika sita.
2. Itazameni mara moja bila maandishi, kisha mwambiane mlichoelewa.
3. Rudieni mkiwasha maandishi ya chini na kupunguza kasi hadi 0.75. Maandishi yaliyotengenezwa na mashine huwa na makosa, hivyo yahakikisheni kwa kamusi.
4. Simamisheni video kila baada ya sentensi, kila mmoja aitamke kwa sauti.
5. Zimeni simu. Kila mmoja atunge sentensi tatu kuhusu shamba, soko au shule yake.

Hatua ya tano ndiyo muhimu kuliko zote, maana hapo mwanafunzi anaacha kusikiliza na kuanza kusema.

Kuhusu gharama, picha ya kiwango cha 144p au 240p hula bando dogo sana kuliko ya 720p, na sauti husikika vizuri. Mtu mzima awepo, na azime mpangilio unaoleta video nyingine bila kuombwa.

Ndugu wajumbe wa kamati, usharika unaweza kuanza na simu moja, spika ndogo na chumba kimoja. Nanyi wafadhili wetu, mnapopanga msaada, msiishie kwenye vifaa. Mkumbukeni pia mwalimu wa kujitolea anayesimamia kikundi, kwani simu humsemesha mtoto, lakini anayemsikiliza na kumsahihisha ni mwalimu.