Mswaki Mgumu Huumiza Ufizi

Wako watu ambao, wanunuapo mswaki sokoni Kimironko, hapa Kigali, huchagua wenye nywele ngumu kuliko yote, wakidhani ndio utakaosafisha zaidi. Sivyo. Uchafu uozeshao meno ni utando laini, nao huondolewa vyema na nywele laini. Nywele ngumu, hasa zikisukumwa kwa nguvu za askari asuguaye viatu vya gwaride, huukwangua ufizi hata ukarudi nyuma na kuacha shina la jino wazi. Ndipo maji baridi yanapoanza kuuma, na ufizi uliokwisha kurudi nyuma haukui tena.

Basi, mama nyumbani na askari kambini, chagueni mswaki laini wenye kichwa kidogo kiwezacho kulifikia gego la mwisho. Wa mtoto uwe mdogo zaidi. Ubadilishwe kila miezi 3, au mapema nywele zikitawanyika. Wala usitumiwe na watu wawili, hata mume na mke.

Ufizi ukitoa damu, usiache kupiga mswaki: mara nyingi ni dalili ya utando uliobaki hapo. Sugua polepole. Damu isipokoma baada ya majuma 2, nenda kwa mganga wa meno.